Chombo Kiko Tayari

Diski ilikuwa na joto.

Halikuwa joto la kuunguza. Lilikuwa joto la kitu kilichokuwa kikifanya kazi na kimeachwa sasa hivi, na Stendi aliihamisha kutoka mkono huu kwenda huu, kama mtu anayepima kitu asichokiamini. Diski ile ilikuwa imelala kwenye droo zaidi ya juma zima, ndani ya mfuko wake wa kitambaa, bila waya wala umeme.

"Umeichomeka mahali?" alimuuliza mkewe.

"Mimi? Siku ile niliigusa tu ukanuna mpaka jioni." Mkewe hakuinua macho kutoka kwenye kompyuta. "Labda imeona aibu. Unavyoibembeleza."

Stendi, kama ile miguu mitatu ya kusimamishia kamera, lilikuwa jina la kazini. Alikuwa mpiga picha za video, mrefu, mpole, na sifa yake ilikuwa kwamba angeweza kusimama nyuma ya kamera harusi nzima bila kubadilisha mguu. Shemeji yake, kaka wa mkewe na fundi sauti wao, alisema siku akifa watamzika wima. Mkewe alikuwa mhariri: alichopiga mume, yeye alikikata na kukiunga. Studio yao ilikuwa chumba cha nyuma ya nyumba, zamani stoo, kisicho na dirisha hata moja. Walikibandika vipande vya magodoro kuta zote na dari, wakavifunika kitambaa cheusi, wakaziba kingo za mlango kwa mpira, ili kelele za nje zisiingie na sauti za ndani zisirudi. Ukipiga kofi humo, lilikufa mkononi. Wageni walipoingia walishusha sauti bila kuambiwa.

Kesho yake walikuwa na mahojiano marefu, marefu kuliko uwezo wa kadi za ndani ya kamera. Kazi za namna hiyo walizirekodi kwenye diski ya nje, kiboksi cha ukubwa wa kiganja kilichofungwa mgongoni mwa kamera na kuunganishwa kwa waya mfupi. Mara ya mwisho diski ile ilitumika kwa mtaalamu mmoja wa kutoa majini, mtu mstaarabu mwenye miwani, aliyetaka filamu ya kuwaonyesha ndugu za wagonjwa wake kwamba kwake hapigwi mtu wala hafungwi mtu kamba. Walimpiga picha akimhudumia dada mmoja mshonaji, wakahariri, wakamkabidhi, na Stendi akaifuta diski kwenye kompyuta kwa ile njia ya haraka. Kazi ikaisha, au ndivyo walivyodhani.

Sasa aliifunga mgongoni mwa kamera na kuiwasha. Kioo cha kamera kikaandika: *Diski imejaa.*

"Imejaa nini, na mimi nimeifuta?" alisema.

Akaichomoa. Akabadilisha waya, maana mara nyingi waya ndio mchawi: ukilegea kidogo tu, kamera huanza kusema mambo ya ajabu. Akaichomeka tena, na safari hii akaiamuru kamera iifute yenyewe, kama inavyotakiwa, kwa sababu kamera huiamini diski iliyoiandaa yenyewe kuliko iliyoandaliwa na kompyuta. Kamera ikakataa. *Diski inatumika.*

Stendi akacheka peke yake. Inatumika na nani? Akatafuta waya mwingine, ule mnene wa akiba, akaipa diski umeme wake wa pembeni isije ikawa inakosa nguvu, akazima, akawasha. Kioo kikatulia, kisha kikaandika neno moja zuri: *Tayari.*

Hapo ndipo angepaswa kuiamuru tena iifute. Lakini mtu aliyehangaika na mashine akiona neno lile hashiki tena kitufe kingine. Akamwita mkewe akae kwenye kiti cha wahojiwa ampimie mwanga.

Mkewe akaja na kikombe chake cha chai, akakaa, akakunja nne. Stendi akasema, "Twende," akabonyeza, taa nyekundu ikawaka mbele ya kamera. Mkewe akaanza kuhojiwa bila mhoji: akaeleza kwamba ameolewa na mrefu mmoja, kwamba mrefu huyo hukoroma, kwamba anaomba serikali iingilie kati. Stendi akatabasamu nyuma ya kioo. Kulikuwa na harufu chumbani, hafifu, kama ubani uliozimwa kwa maji, na alijiambia ni kitambaa cha ukutani.

"Haya, kata," akasema, na kubonyeza.

Taa haikuzimika. Akabonyeza tena. Tarakimu za muda kwenye kioo ziliendelea kukimbia.

"Kimeganda?" mkewe aliuliza, akainuka, akaja kuangalia. Akasimama begani mwa mumewe, na wote wawili wakatazama kioo, na kwenye kioo mkewe alikuwa bado amekaa, amekunja nne, kikombe mkononi, akiwatazama.

"Picha imeganda," alisema Stendi.

"Ndiyo, imeganda," alisema mkewe.

Kisha yule wa kwenye kioo akapepesa macho.

Kikombe cha mkewe kikaanguka. Stendi aligeuka akamwona amejishika kifua, midomo imekuwa myeupe, na mkono wake uliokuwa umemgusa begani ulikuwa umefifia, si kwa kukonda, bali kama picha iliyozidishwa mwanga mpaka vidole vikaanza kukosa kingo. Alimbeba, akamrudisha kitini kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu, na alipomkalisha tu rangi ikamrudia na pumzi ikamrudia, na kwenye kioo wakawa mtu mmoja tena.

Walijaribu mlango. Kabla mkewe hajafika, alianza kufifia tena. Walijaribu ukuta wa pili, na wa tatu. Mwishowe Stendi alifanya kile anachokifanya kila mpiga picha anapotaka kujua picha yake inaanzia wapi na kuishia wapi: alichukua gundi ya karatasi nyekundu, akatazama kioo, akabandika mstari sakafuni kila ulipofika ukingo wa picha. Ulipokamilika, ulikuwa umemzunguka mkewe na kiti chake na nafasi ya kupiga hatua chache tu. Ndani ya mstari alikuwa mzima. Nje ya mstari alikuwa anafutika.

"Basi geuza kamera," alisema mkewe kwa sauti ndogo. "Igeuze taratibu ifike mlangoni, na mimi nitembee nayo."

Aliigeuza, kiasi cha upana wa kidole. Mkewe alilia kama aliyevutwa nywele, na kiti kikaburuzika sakafuni pamoja naye. Stendi akaiachia kamera akainua mikono juu, kama mtu aliyeonyeshwa bunduki, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kuigusa.

Alitoa betri. Kioo hakikuzimika. Alichomoa waya, na taa ikabaki nyekundu. Alipoifungua diski yenyewe kutoka mgongoni mwa kamera na kuiinua, ilitetemeka kiganjani kama mdudu ndani ya kiberiti, na mkewe akanyoosha mkono akasema, "Irudishe, irudishe, inaondoka na pumzi yangu." Akairudisha.

Alimpigia simu shemeji yake. Hakueleza. Alisema tu njoo, na shemeji, aliyemzoea kwa ukimya lakini si kwa ukimya ule, akaja na kandambili miguuni.

Shemeji alisimama mlangoni akatazama: dada yake kitini, gundi nyekundu sakafuni, kamera isiyo na betri ikirekodi. Alikuwa mtu wa utani, na utani ulimjia mdomoni kwa mazoea, ukafia hapo. Akafunga mlango nyuma yake. Mpira ukanyonya hewa, na dunia ya nje ikakatika.

Humo hamna mchana wala usiku. Kuna taa za studio tu, ambazo nazo hawakuthubutu kuzizima, na joto lao, na ile harufu ya ubani iliyokuwa ikikolea kidogo kidogo. Wanaume wawili walipitia yote waliyoyajua, kwa kunong'ona. Walibadilisha waya kwa mara nyingine. Waliangalia kama kuna fremu zinazodondoka, yaani picha zinazorukwa. Walitafuta kwenye simu watu wengine waliokwama na kamera isiyoacha kurekodi, wakakuta wako wengi, na kila mmoja ameshauriwa azime na kuwasha. Mteja wa mahojiano alipiga, na Stendi akamwambia kifaa kina hitilafu ndogo, na alipotamka neno ndogo mkewe alicheka kicheko kisichokuwa na furaha.

Baadaye mkewe alisema kwa aibu kwamba amebanwa. Walimpa ndoo. Shemeji akatoka nje. Stendi akageukia ukuta. Kamera haikugeuka.

Shemeji ndiye aliyeona ule ufito wa kijani. Ulikuwa kwenye pembe ya chini ya kioo, ule unaoonyesha nafasi iliyobaki kwenye diski, na wakati Stendi anaanza ulikuwa umejaa. Sasa ulikuwa umeliwa zaidi ya nusu, na ulikuwa ukiendelea kuliwa, taratibu, bila haraka, kama kitu kinachokula kikijua hakuna wa kukinyang'anya.

"Shemeji," alinong'ona. "Ikijaa?"

Wote walijua diski ikijaa kamera hufanya nini: husimama yenyewe, hufunga faili, na kilichomo humo kinabaki humo.

"Nyundo," alisema shemeji. "Tuiponde kabla haijajaa."

"Na mimi?" aliuliza dada yake kutoka kitini. "Mimi niko upande gani, kaka? Nijue kwanza."

Hakuna aliyeongelea nyundo tena.

Ndipo shemeji, ambaye hakuwa na kingine anachokijua vizuri kuliko kusikiliza, akavaa vipokea sauti vyake vikubwa, akavichomeka kwenye kamera, akafumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu, na Stendi alimtazama uso, na aliona uso huo ukikunjamana kwanza kama wa mtu anayesikia mvumo, kisha ukanyooka, kisha ukaingiwa na kitu ambacho hakuwahi kukiona kwa mtu yule mwenye mzaha kwa kila jambo; na aliponyoosha mkono kumuuliza, shemeji alivua vipokea sauti, akavichomoa waya, na kuiachia sauti itoke kwenye spika ya kamera, ili wote wasikie.

Ilikuwa sauti ya ile siku ya mtaalamu. Makaa yalikuwa yakipasuka. Yule dada mshonaji alikuwa akilia, halafu si yeye, halafu ni yeye tena. Na mtaalamu, kwa sauti yake ya upole: *Umekubali kutoka. Umepewa pa kukaa. Chombo kiko tayari?*

Na papo hapo, karibu sana na maikrofoni, sauti ya mtu mrefu aliyezoea: *Chombo kiko tayari.*

Kisha ikaanza upya, pale pale. *Chombo kiko tayari? Chombo kiko tayari.*

Stendi alikaa chini. Wapiga picha wote aliowajua waliita kamera chombo. Shika chombo, shusha chombo, chombo kinasumbua. Kila kazi aliyowahi kufanya, kabla ya kuanza, mtu aliuliza swali lile na yeye alilijibu, mamia ya mara, bila kufikiri, kama mtu anavyoitikia hodi. Siku ile mtaalamu alikuwa akimuuliza msaidizi wake aliyeshika chupa ya kumfungia jini.

"Lakini niliifuta," alisema.

"Ulifuta kwa haraka," shemeji alijibu, bila kumlaumu. "Ile haifuti, unajua mwenyewe. Unabandua jina mlangoni, mpangaji yuko ndani."

Walimpigia mtaalamu simu, akafika na mkoba wa ngozi mkononi, shati limepigwa pasi. Hakushangaa walichomwonyesha, ila aliposikia sauti yake kwenye spika alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Chupa yangu ilirudi nyepesi siku ile," alisema. "Nilidhani ni mkono wangu tu. Yule dada amepona, anashona, nikasema yameisha. Msaidizi alikuwa hajafungua hata kizibo." Akamgeukia Stendi. "Sikulaumu, ndugu yangu. Neno ni la watu wengi, na mimi nililitumia kama langu peke yangu."

"Anataka nini kwa mke wangu?"

"Hataki ubaya, nionavyo mimi. Aliambiwa aingie chomboni, akaingia, akakuta hamna mtu. Humo alimokaa ni pa kuhifadhia watu. Wa kwanza mliyemwekea mbele, amemshika." Aliutazama ufito wa kijani, uliobaki mwembamba kama ukucha. "Huwa anakwenda anakoambiwa ni tayari. Aliyemjibu mara ya kwanza ndiye atakayemjibu tena. Utashika chupa wewe. Nikiuliza, ujibu wewe tu, na wengine wote wafunge midomo."

Alimpa chupa, ya kioo cha kijani, nzito chini. Akawasha makaa kidogo kwenye kibati, na ubani wa kweli ukakutana na ule wa diski, na chumba kisicho na dirisha kikajaa moshi ambao haukuwa na pa kwenda. Mtaalamu alianza kusema maneno yake kwa sauti ya chini, na mvumo wa diski ukaanza kupanda nayo, kwanza kama nzi, kisha kama friji kuukuu, kisha kama gari linalokuja kutoka mbali. Taa zikafifia na kurudi, na kwenye kioo mkewe alisimama ingawa mkewe kitini hakuwa amesimama, akatembea kuja mbele, mpaka uso wake ukajaza kioo chote, mpaka jicho likajaza kioo chote, na Stendi, jasho likimwingia machoni, aliona ufito wa kijani ukipungua kuwa unywele, ukipungua kuwa nukta, na akasikia, kama kutoka nyuma ya ukuta, mtaalamu akiuliza:

"Chombo kiko tayari?"

"Chombo kiko tayari," alisema Stendi, na alisikia sauti yake ikimrudia, nyembamba kidogo, kwa mwangwi.

Taa nyekundu ikazimika.

Mvumo ukakatika kana kwamba haukuwahi kuwapo. Kioo kikawa cheusi. Mtaalamu alitia kizibo, akaichukua chupa, akaipima kwenye kiganja, akaipima tena. Mkewe aliinuka. Alitazama gundi nyekundu, akavua kandambili moja, akanyoosha mguu nje ya mstari kama mtu anayejaribu maji. Mguu ulikuwa mguu. Akauweka chini. Kisha wa pili. Shemeji alianza kulia bila sauti.

"Ameingia?" Stendi aliuliza.

"Kuna kitu kimetoka humo," alisema mtaalamu, akielekeza kidevu kwenye kamera. "Hilo naweza kuapa." Aliifunga chupa kwenye kitambaa bila kuapa la pili. Mlangoni akageuka. "Maneno yenu ya kazi yapumzisheni kidogo. Semeni kama watu wengine."

Walipofungua mlango wakakuta nje kuna jua, na watoto wa jirani wanagombania mpira, na mambo haya ya kawaida yaliwapiga usoni kama upepo. Mkewe alikwenda jikoni moja kwa moja. Alisema ana kiu ambayo hajawahi kuwa nayo. Shemeji alikaa kizingitini akizungusha waya kwenye kiwiko, akaanza kurudiwa na mzaha wake: akasema mahojiano ya dada yake yalikuwa mazuri, ila yamerefuka, na serikali imeahidi kulishughulikia lile la kukoroma. Mkewe akacheka, kicheko chake chenyewe, huku anamimina maji kutoka kwenye jagi. Stendi aliegemea ukuta wa jikoni, miguu ikimuuma kwa mara ya kwanza maishani, na moyo wake ukalegea wote kwa pamoja, kama unavyolegea mwisho wa kila kazi ndefu watu wakiwa wamechoka na wameshinda. Akapumua.

"Haya jamani," alisema. "Kata."

Kicheko kilisimama katikati.

Mkewe alikuwa ameinamia meza, jagi mkononi, mdomo wazi, macho wazi. Hakupepesa. Unywele uliokuwa ukimwangukia shavuni ulibaki hewani, haujafika. Maji hayakusimama. Yalijaa bilauri, yakamwagika mezani, yakatafuta ukingo, yakaanza kudondoka sakafuni.

Shemeji aliacha waya. "Dada," aliita. Kisha, kwa kunong'ona, "Shemeji. Amepatwa na nini?"

Stendi alikuwa akisikiliza kitu kingine. Alikuwa akisikiliza ule mwangwi, uliomrudia nyembamba kidogo, sauti ya kike, katika chumba walichokibandika magodoro kwa mikono yao wenyewe ili kisiwe na mwangwi. Yeye alijibu kwa ajili ya chupa. Kuna aliyejibu kwa ajili yake mwenyewe, kutoka kitini.

Jagi lilikuwa limebaki tupu. Alilijua neno la kumrudisha. Alijua pia kwamba akilisema leo, atalisema kesho, na kwamba hatajua kamwe ni nani anayeitika. Alimtazama mkewe mdomo ule uliobaki wazi katikati ya kicheko, na hakuweza kumwacha hapo.

"Twende," alisema taratibu.

Unywele ukafika shavuni. Kicheko kikamalizika. Mkewe akaweka jagi chini, akatazama meza, akatazama sakafu, akawageukia wote wawili kwa mshangao.

"Nani kamwaga maji yote haya?"

Stendi alichukua kitambaa akaanza kufuta. Alipofika kwenye mkono wa mkewe, aliushika, ili asiuone ukisubiri neno lake. Ulikuwa na joto. Si la kuunguza. Lilikuwa joto la kitu kilicho kazini.